Mikono ya Mama Masalu

Nyakabumba, Geita
3 Machi 2024

Mdogo wangu Violeth,

Najua umezoea kuliona jina langu likiwaka kwenye simu, si kupokea bahasha mkononi mwa kondakta. Simu yangu imetumbukia kwenye karai la maji huku mwaloni tunakooshea dhahabu, imezima kabisa. Basi nimeona nikuandikie, kama tulivyokuwa tukimwandikia baba alipokuwa Ushetu kwenye tumbaku. Mwandiko usikushangaze. Ni wa Nelly, jirani yangu anayewapikia wachimbaji. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameapa hataongeza neno lake. Kidole changu kilibanwa na jiwe, si jambo la kukusumbua.

Huku tunaendelea vizuri. Shemeji yako Bujiku na wenzake wamefikia mwamba mzuri kwenye shimo la duara lao, baada ya kuchimba kiangazi kizima na kuambulia udongo mtupu. Mawe yanapelekwa kwenye karasha la Valerian yanasagwa, unga unaletwa kwetu wanawake mwaloni, tunauosha hapa kijitoni mpaka ubaki ule mchanga mweusi mzito. Hapo ndipo wengine wote wanapokaa pembeni na kunisubiri mimi. Namimina zebaki kwenye karai, nakanda kwa viganja kama mtu anayekanda unga wa chapati, mpaka dhahabu yote ishikwe. Kisha nakamua kwenye kitambaa, na lile donge nakwenda kulichoma nyumbani kwenye jiko la mkaa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki.

Juzi Valerian alileta wanunuzi kutoka mjini. Alinisogeza mbele yao akasema, "Huyu ndiye Mama Masalu. Mkono wake haupotezi punje." Mdogo wangu, nilikuwa na matope mpaka magotini, lakini nilisimama kama bibi harusi.

Masalu yuko Kalangalala kwa shangazi yake, anasoma vizuri. Likizo akija anakaa karibu na jiko langu na madaftari yake, tunapiga soga mimi nikichoma.

Uliwahi kuniambia kwamba ndani ya kila simu kuna dhahabu kidogo. Tangu siku hiyo nikimwona mtu ameweka simu sikioni najisemea moyoni, huenda hiyo imepita kwangu.

Dada yako,
Juliana


Ngokolo, Shinyanga
10 Machi 2024

Dada Juliana,

Shikamoo. Pole sana na kidole.

Sasa wewe una mdogo wako fundi simu, halafu unakaa bila simu kwa sababu ya karai la maji? Mji mzima wa Shinyanga unaniletea simu zilizoanguka visimani, kwenye ndoo za dagaa, hata chooni, na zote zinaamka. Mpe Stanslaus, yule kondakta, aniletee. Usiianike juani wala usijaribu kuiwasha. Sauti yako nimeikosa. Hata mwaka jana mwishoni ulikuwa ukipiga unasema maneno mawili, unakata.

Kibanda changu sasa kina kioo mbele na maandishi ya rangi: VIOLETH FUNDI SIMU. Zamani mteja alikuwa akifika ananiuliza, "Fundi yuko wapi?" nami nimekaa mbele yake na bisibisi mkononi. Siku hizi hawaulizi. Natamani mama angekuwepo alione jina hilo.

Nina ombi. Nyuma ya kibanda nina magunia ya simu mfu, zile ambazo wenyewe wameshindwa kuzifuata au hazifai tena. Kuna mtu anaitwa Wiliam, ananunua vyuma chakavu, ameniambia bodi za ndani zina dhahabu na kuna mafundi wa mijini wanaitoa. Unazisaga, unatia zebaki, unakanda, unachoma, vilevile kama unavyofanya wewe. Chumba changu cha nyuma ninacho, jiko la mkaa ninalo. Kinachonipungukia ni zebaki tu. Nitumie kidogo kwenye kichupa, Stanslaus hatajua ni nini.

Fikiria, dada. Wewe unaitoa ardhini inaingia kwenye simu, mimi naitoa kwenye simu. Watoto wa Mihayo tutakuwa tumeizunguka dhahabu pande zote mbili.

Mdogo wako,
Violeth


Nyakabumba
17 Machi 2024

Violeth,

Zebaki sitakutumia. Usiniulize sababu. Mimi ni mkubwa wako na nimesema.

Wewe una kazi ya mikono safi, umeisomea, umeipata kwa jasho lako. Kaa nayo. Magunia hayo mpe huyo Wiliam aondoke nayo.

Simu nayo iache. Imeshakufa, na mimi nimeshazoea kukaa bila simu. Kidole kinaendelea kupona.

Dada yako,
Juliana

Mimi Nelly niliyeandika, naongeza neno ingawa niliapa, kwa sababu Mama Masalu ameinuka kwenda kuteka maji. Simu unayoipokea pamoja na barua hii hakuituma yeye. Bujiku ameichukua mwenyewe na kumpa kondakta. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu tu kwamba shemeji yake ni fundi, akiifungua ataelewa.


Ngokolo
24 Machi 2024

Dada,

Shikamoo.

Simu nimeifungua. Ndani ni kavu kama ilivyotoka dukani. Hakuna kutu, hakuna hata alama ya unyevu. Nilipobonyeza iliwaka, ikanionyesha namba yangu juu kabisa, simu nilizopiga mimi na wewe hukupokea.

Kwa hiyo haikutumbukia popote. Uliizima.

Shemeji alitaka nielewe, na nimeelewa. Hutaki kuzungumza nami. Nimefikiria ni kosa gani nimefanya na nimelipata moja tu: Krismasi ya mwaka juzi, mbele ya mashangazi, nilisema kazi yako ni ya matope. Nilikuwa natania, na wewe ulicheka. Kama lilikuuma ungeniambia, mimi ni mdogo wako, ningepiga magoti. Lakini kuninyamazia, kumpa mtu baki akuandikie barua, halafu kuniamrisha kama mtoto?

Wewe umekula dhahabu kwa miaka yote hiyo. Mimi nikitaka kuigusa kidogo, unaniambia nikae na mikono safi. Basi sawa. Wiliam ana jamaa yake Kahama, ataniletea zebaki mwisho wa mwezi. Nitachoma hapahapa ninapolala, dirisha nitalifunga majirani wasije wakaona. Sihitaji tena kukuomba.

Violeth


Nyakabumba
29 Machi 2024

Violeth

Naandika mwenyewe. Samahani kwa mwandiko.

Kidole hakikubanwa. Ni mikono. Inatetemeka. Ilianza mwaka jana nikadhani ni uchovu. Sasa siwezi kufunga kifungo cha blauzi. Bujiku ananifungia.

Na ulimi ni mzito. Nikisema watu wanadhani nimekunywa. Ndiyo maana nilizima simu. Ungesikia.

Tulikwenda kwa mganga tukatoa mbuzi. Haikusaidia. Lakini mimi najua ni nini. Aliyekuwa akikanda kabla yangu pale mwaloni, Eufrasia, alianza hivihivi. Walimrudisha kwao hawezi kushika kijiko. Nikajiambia mimi ni hodari kuliko yeye.

Mwaloni nakanda kwa nguvu wasione. Wakijua, jina langu limekwisha.

Zebaki haina harufu. Ikipaa huoni kitu. Inaingia tu. Usiiguse. Usichome chumbani. Usifunge dirisha. Mdogo wangu usichome kabisa.

Sijakukasirikia hata siku moja.

Nimeandika hii asubuhi nzima.

Juliana


Ngokolo
21 Aprili 2024

Dada yangu,

Shikamoo.

Nimefika salama. Nakuandikia ingawa tumeachana juzi tu, kwa sababu kuna mambo sikuweza kuyasema mbele yako. Kila nilipofungua mdomo ulinikatisha kwa mzaha.

Siku niliyopata barua yako nilikuwa na mteja dirishani. Nilidhani imeandikwa na mtoto. Niliposoma mstari wa kwanza nilimrudishia mteja simu yake, nikafunga kibanda na kupanda basi na nguo nilizovaa. Njiani nilimpigia Wiliam nikamwambia asilete kitu. Alinicheka, akasema watu wanaifanya kazi hiyo kila siku na hawafi. Nikamjibu kwamba hata dada yangu hajafa.

Nilipokuona umekaa mlangoni umekunja mikono chini ya kwapa, ukaniita jina langu kwa ile sauti, ndipo nilipomwelewa Bujiku na simu yake. Mtu asiyejua kuandika alinitumia simu nzima ili anieleze jambo moja. Mwambie nampa heshima yake.

Daktari wa hospitali nilikowapeleka wewe na Masalu alizungumza polepole na alituheshimu, nashukuru. Lakini sijui kama ulimsikia vizuri, au ulisikia ulichotaka. Alisema sumu imeingia kwenye mishipa ya fahamu. Ukiacha sasa, kuna yatakayorudi na kuna yasiyorudi. Ukiendelea, hakuna litakalorudi. Wewe ulimuuliza swali moja tu, kama Masalu amedhurika kwa kukaa karibu na lile jiko. Alipompima na kusema hana kitu, ulianza kuvaa viatu utoke, kama vile yako yalikuwa yamekwisha.

Dada, njoo ukae nami hapa. Chumba cha nyuma kipo. Bujiku atakuja akimaliza duara. Utakaa kibandani upokee wateja, mimi nitafungua simu.

Nazifungua bado, lakini si kama zamani. Jana mtu aliniletea simu mpya kabisa imepasuka kioo, analalamika haina hata mwezi, afadhali aitupe anunue nyingine. Nilikaa nimeishika muda mrefu mpaka akaniuliza kama ninaumwa.

Njoo, tafadhali.

Mdogo wako,
Violeth


Nyakabumba
5 Mei 2024

Mdogo wangu Violeth,

Anayeandika ni Nelly, na sasa sina sababu ya kukudanganya kwa nini.

Wabeja sana, asante kwa kuja. Wabeja kwa chumba. Lakini sitakuja, na nisikilize kabla hujakasirika.

Nilikwenda kwa Valerian nikamwambia ukweli, kwamba mikono imeharibika na siwezi kukanda tena. Alisikitika. Alinipa sabuni na kitenge, akasema nipumzike, Mungu atanisaidia. Alisema kwa wema, sitamsingizia. Kesho yake nilipopita mwaloni nilimkuta Salome amekaa kwenye jiwe langu. Unamkumbuka Salome, yule uliyesema ana macho ya kucheka, ana mimba ya kwanza. Amekunja mikono ya nguo, ameingiza viganja kwenye karai mpaka kwenye vifundo, anakanda. Aliponiona alisema, "Mama Masalu, njoo unitazame kama napatia."

Na alikuwa anapatia. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Sikulala vizuri baada ya hapo. Nilimfikiria Eufrasia aliyekuwa kabla yangu. Alipoondoka hakuna aliyesema neno. Mimi nilikalia jiwe lake likiwa bado na joto. Sasa nikija kwako Shinyanga nitakuwa nimeondoka vilevile, na baada ya Salome atakuja mwingine. Tena si sisi tu tunaokanda. Maji tunayooshea yanamwagika kijitoni, na chini kidogo watoto wa shule wanachota ya kunywa, na ng'ombe wa kina Amosi wananywa hapohapo.

Watu wanaweza kusema nimerogwa. Wengine tayari wanasema nakunywa pombe, mimi binti Mihayo ambaye sijawahi kuonja hata togwa iliyochacha. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma kuliko mikono. Nilikuwa naficha ili nisichekwe. Sasa nimechoka kuficha.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Januari, ameitisha mkutano mwezi ujao kuhusu barabara. Nitasimama. Sijui nitasema nini kwa ulimi huu, lakini nitasimama.

Usije kunizuia. Wewe ulimwandikia mteja jina lako kwenye kioo ili asikupite. Na mimi niache nionekane.

Dada yako,
Juliana


Nyakabumba
9 Juni 2024

Dada Violeth,

Leo naandika mimi Nelly, kwa maneno yangu mwenyewe. Mama Masalu yuko hapa anapepeta mahindi, au tuseme anayamwaga, na ameniambia nikuandikie jinsi nilivyoona, nisimpambe. Nitajitahidi.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Walizungumza barabara mpaka jua likawa kali na watu wakaanza kujikung'uta nguo waondoke. Mzee Januari akauliza kama kuna mengineyo. Mama Masalu akasimama. Alikuwa amevaa kitenge alichopewa na Valerian, ameosha uso, amefunga kilemba vizuri. Bujiku ndiye aliyemfunga.

Alipoanza kusema, maneno yalitoka yamebanana. Vijana wa karasha walioketi nyuma wakacheka, mmoja akasema kwa sauti kwamba mama huyu ameanza mapema leo. Nilitaka kuinuka nimjibu. Mama Masalu akasubiri wacheke mpaka wamalize. Kisha akaniomba bakuli la maji. Nilikuwa na ndoo zangu za chakula na maji pale, nikamletea bakuli limejaa.

Alilishika kwa mikono miwili na kulinyoosha mbele, kila mtu aone. Dada Violeth, hakufanya kitu kingine chochote. Alisimama tu. Maji yalianza kuruka, upande huu na upande huu, yakamwagikia kitenge, yakamwagikia miguu, mpaka bakuli likabaki na maji kidogo chini. Hata watoto waliokuwa wakicheza walisogea kutazama.

Akasema, na safari hii kila mtu alimsikia kwa sababu hakuna aliyethubutu kukohoa: "Sijanywa. Hii ndiyo mikono iliyokanda dhahabu ya kila mtu aliyekaa hapa. Valerian, uliwaambia wageni wako haipotezi punje. Waonyeshe na leo." Kisha akasema ni zebaki iliyoiharibu, na akaomba uoshaji uhamishwe mbali na kijito.

Valerian alikuwa amekaa kwenye kiti, pamoja na wazee. Sitasema alikuwa mbaya. Alipojibu alisema mwalo ukihamishwa maji yatakuwa mbali, wanawake watapoteza kazi, karasha litasimama, na wote tunakula hapo. Watu wengi waliitikia kwa vichwa. Hata mimi, dada, nilifikiria sufuria zangu. Wachimbaji wakiondoka nitampikia nani?

Mama Masalu akamjibu kwamba hakusema watu waache kuchimba, na mumewe yuko shimoni hata sasa. Alichoomba ni kuchimba mabwawa ya kuoshea mbali na kijito, na kuwa na kibanda kimoja cha kuchomea nje ya makazi, badala ya kila mtu kuchoma jikoni kwake kwenye moto wa ugali. Na asiwepo mtu wa kukanda kwa mikono mitupu.

Mzee Amosi akasimama kuuliza kuhusu ng'ombe wake. Alisema amekuwa akiona maji yamegeuka rangi akidhani ni tope tu la mvua. Baada yake kukawa na minong'ono mingi, na nilidhani jambo lingefia hapo, kama mengine yanavyofia.

Ndipo Salome alipoinuka. Yule aliyechukua kazi ya Mama Masalu. Alitembea na mimba yake mpaka mbele akasimama ubavuni mwa Mama Masalu, akachukua lile bakuli mikononi mwake akalishika. Kisha akaja mwanamke mwingine wa mwaloni, na mwingine, mpaka, kama jiwe la kuoshea lingekuwa pale mbele, ungedhani ni siku ya kazi.

Mzee Januari akaomba mikono ya wanaokubali. Iliinuka mingi. Si yote, mingine ilibaki magotini. Bujiku alifika amechelewa, anatoka duarani, vumbi mpaka kwenye kope, akainua mkono bila kujua bado wanahesabu nini. Alipoambiwa, akainua na wa pili.

Tulipokuwa tukirudi nilimshika Mama Masalu kiwiko, njia ile ina mawe. Alikitoa. Akaniambia yeye ni mgonjwa wa mikono, si wa miguu. Alitangulia mbele yangu ameinua shingo, mimi nikafuata nyuma na bakuli langu.

Ni mimi,
Nelly


Ngokolo
16 Juni 2024

Dada yangu Juliana,

Shikamoo, na ningekuwa karibu ningeisema nimepiga magoti.

Barua ya Nelly nimeisoma kibandani kwa sauti. Wateja walikuwepo. Mama mmoja aliyeleta simu ya mwanawe alisimama mpaka mwisho, kisha akauliza huyo mwanamke ni nani kwangu. Nikamwambia ni dada yangu, tumbo moja. Nililisema kama mtu anayetaja cheo.

Baba nimempigia. Nilimsomea barua nzima. Kisha akasema kwa Kisukuma kwamba aliwahi kulaumiwa na ndugu zake kwa kuwasomesha mabinti. Akaaga.

Magunia yangu bado yako nyuma. Sijui niyafanye nini, na sitaki kujifanya najua. Wiliam nimemkatalia kwa sababu najua atakwenda kuyachoma kwenye chumba cha mtu mwingine asiye na dada wa kumwonya. Nimeuliza mjini, wanasema kuna watu wanaoyakusanya kwa utaratibu, nitawafuatilia. Ninachofanya kwa sasa ni kukataa kusema simu haifai mpaka nimejaribu kila njia. Wateja wengine wanalalamika ninachelewesha. Nawaambia simu hii ina kazi ya mtu ndani yake, tusiitupe haraka.

Niambie mabwawa yanavyokwenda. Na kama watu wanakusumbua, niambie pia. Usinifiche tena.

Mdogo wako,
Violeth


Nyakabumba
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Nelly anakusalimu, ndiye anayeandika, na leo ana haraka kwa sababu maharage yako motoni.

Umesema nisikufiche, basi sikufichi. Valerian alihamisha nusu ya mawe yake kwenye mwalo mwingine ng'ambo ya pori, ambako hawaulizi mtu anakandaje. Baadhi ya wanawake walimfuata huko. Wawili kati yao tukikutana njiani hawanisalimii, wanasema nimewapokonya watoto wao tonge mdomoni. Naumia, lakini nawaelewa. Kijito bado kina tope. Wataalamu waliokuja kupima maji walisema zebaki iliyokwisha kuzama haitoki kwa mkutano. Kwa hiyo watoto wa shule sasa wanachota kisimani, ni mbali, na wananung'unika.

Na mimi sijapona. Ulimi umekuwa mwepesi kidogo, Bujiku anasema nimeanza tena kumgombeza kwa ufasaha. Mikono iko vilevile.

Lakini mabwawa yapo. Tumeyachimba sisi wenyewe, Salome akiwa ameshajifungua na amekaa pembeni anatuimbia. Ana binti, wote wazima. Na nje ya makazi, baada ya ile mikaratusi, kuna kibanda cha kuchomea. Ndani kuna chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba. Donge linachomwa humo, na zebaki badala ya kupaa inapoa kwenye bomba na kudondoka ndani ya maji. Haiendi kwenye mapafu ya mtu. Aliyechoma anaondoka na dhahabu yake, na zebaki yake pia.

Ufunguo wa kibanda hicho ninao mimi. Mkutano ndio ulionichagua. Siruhusiwi kuingia wala kushika kitu, daktari alikataza, kwa hiyo kazi yangu ni mlangoni. Hakuna anayeingia bila glavu, na hakuna anayeingia na mtoto.

Juzi alikuja mgeni, mwanamke kutoka upande wa Mara, jina lake Ghati. Mumewe amepata kazi kwenye duara moja hapa. Alikuwa na donge lake kwenye kitambaa na mtoto mgongoni. Nikamwambia mtoto haingii. Akanitazama, akatazama mikono yangu, akarudi nyuma hatua moja. Nilimwona anavyofikiri. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia, na aliogopa nitamwangusha.

Nilikaa chini kwenye mkeka, nikaegemea ukuta vizuri, nikanyoosha mikono. Sikumbembeleza wala sikumweleza. Nilimngoja tu. Mwisho alifungua kanga akaniwekea mtoto mapajani, akaingia ndani akigeuka kila mara kutazama nyuma.

Mtoto alikuwa amekaribia kulia. Nikampakata kifuani. Mikono ilikuwa inatetemeka kama kawaida yake, sikuweza kuizuia, na sikujaribu. Yule mtoto alinitazama kidogo, akapiga mwayo, akalala. Alidhani anabembelezwa.

Ghati alipotoka alinikuta hivyo. Akasimama mlangoni, dhahabu yake mkononi, hakutaka kumwamsha. Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu wakamwambia asiogope, huyo ndiye Mama Masalu. Nilinyoosha mgongo.

Dada yako,
Juliana binti Mihayo